Siku Coral Alipompita Dada Yake

Mke wangu Coral na dada yake Noreen walikulia juu ya baiskeli. Watoto wa mashamba mengine ya kondoo walipanda farasi, lakini baba yao, mzee Heffernan, hakupatana na farasi tangu mmoja alipomvunja bega, akaapa kwamba hatalisha mwingine maisha yake yote. Kwa hiyo mabinti walikwenda shule kwa baiskeli, wakakagua nyaya za ua kwa baiskeli, na emu, wale ndege warefu wasioruka, wakiingia shambani waliwafukuza kwa baiskeli. Noreen alimzidi Coral miaka saba. Mama yao alifariki Coral akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na Noreen ndiye aliyemfundisha kila kitu, kuanzia kusuka nywele hadi kuchinja kondoo. Baiskeli alimfundisha kwa kumshikia kiti kwa nyuma, akikimbia naye kwenye vumbi jekundu, kisha anamwachia bila kumwambia.

"Nikianguka hanifuti machozi," Coral aliwahi kunisimulia. "Anasema, 'Inuka upesi, kondoo wanakucheka.'"

Mimi, Merv, niliingia katika familia ile nikiwa dereva wa greda la halmashauri, ile mashine ya kusawazisha barabara. Siku nilipokwenda kumposa Coral, mzee alikuwa hoi kitandani, kwa hiyo aliyenipokea barazani alikuwa Noreen, mrefu, mkavu, mikono imejaa grisi ya mnyororo. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe ndiye unayetuchongea barabara?"

"Ndiye mimi."

"Basi yale matuta yote ni yako. Muda mrefu natafuta wa kumlaumu." Akanimiminia chai. "Keti, shemeji."

Hakuolewa. Mzee alipofariki alibaki na shamba peke yake, na watu wa mji wetu, Wirraba, walimheshimu kwa namna wanavyoheshimu ukame, yaani kwa kutembea mbali kidogo. Lakini mimi nilimpenda. Alikuwa mtu wa kukutania huku anakutengenezea pampu ya maji, na hasubiri asante.

Kila mwaka mwezi wa Julai, wakati wa baridi, mji wetu hufanya mbio za baiskeli. Zinaanzia mlangoni pa baa ya Clarrie Dunphy, zinakwenda hadi lile tangi kuukuu ambako zamani treni zilijaza maji, kisha unageuka na kurudi ulikotoka. Waendeshaji hawaondoki pamoja. Mmoja anaondoka, dakika mbili zinapita, mwingine anafuata. Unashindana na saa tu. Huruhusiwi kujificha upepo nyuma ya mgongo wa mwenzako, wala kupokea maji ya mtu, wala kusaidiwa chochote. Ukimkuta mtu mbele yako, unampita kwa mbali na kwenda zako. Ukisimama kumsaidia, nyote wawili mmetoka mashindanoni. Hiyo ndiyo sheria, na ilikuwepo kabla sijazaliwa.

Ukutani mwa baa kuna ubao wenye majina ya walioweka rekodi. Kwa upande wa wanawake jina lilikuwa moja tu, Noreen Heffernan, na lilikaa pale miaka mingi hadi rangi ikaanza kubanduka. Kila Julai Coral alijaribu kuliondoa. Kila Julai alishika nafasi ya kwanza kwa wanawake na bado akawa wa pili kwa dada yake, yule dada wa zamani aliyeandikwa ukutani. Noreen mwenyewe alikuwa bado anashiriki, lakini miguu ilikuwa imeanza kumdai.

"Mwaka huu umekaribia," Noreen alikuwa akimwambia kila mara, akinywa chai yake barazani kwetu. "Ulikuwa umebakiza kama muda wa kupenga kamasi."

"Na mwakani sitapenga."

"Utapenga tu. Una kamasi tangu utotoni."

Mwaka ninaousimulia, mvua ilinyesha Julai, jambo ambalo kwetu ni kama theluji. Kijito kilichokuwa kikavu miaka mitatu kilifurika na kuikata barabara. Mbio zikaahirishwa. Agosti zikaahirishwa tena kwa sababu nusu ya lami ilikuwa imekwenda na maji, na mimi na greda langu tulikuwa bado tunahangaika. Kamati ilipokutana baani mwishoni mwa Septemba, Clarrie alisema tuache hadi mwaka ujao.

"Oktoba si mwezi wa mbio," alisema. "Oktoba ni mwezi wa joto, nzi na wehu."

Noreen ndiye aliyekuwa mwenyekiti. "Clarrie, wewe unakaa hapa miezi yote kumi na miwili. Sasa wewe ni nzi au mwehu?"

Watu wakacheka. Akaendelea, safari hii bila utani. Alisema mbio hazijawahi kukosa mwaka hata mmoja, hata wakati wa vita. Alisema tutaanza alfajiri, na jua likipanda tutakuwa kivulini tunakunywa bia. Pia alisema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba huo ndio mwaka wake wa mwisho, na hangependa umalizikie kwenye kikao.

Wakapiga kura. Coral aliinua mkono wa kukubali kabla ya mtu yeyote. Mwaka mzima alikuwa akiamka gizani kufanya mazoezi, na alikuwa na miaka arobaini na minne. Alijua miguu yake nayo ilikuwa karibu kuanza kudai.

Siku ilipofika, alfajiri tulikuwa wote pale mlangoni kwa Clarrie, na hewa ilikuwa nzuri. Lakini lori la ng'ombe, yale marefu yenye matrela matatu, lilikuwa limeteleza usiku na kulala mkingamo kwenye kivuko cha kijito. Hata ndege asingepita. Nilikwenda na greda, wengine wakaja na matrekta, tukalivuta na kulisukuma huku ng'ombe wakilia na dereva akitutukana sisi badala ya kulitukana lori lake. Tulipolitoa, ilikuwa inakaribia saa nne, na jua lilikuwa limeshaanza kuuma.

Nesi Thelma wa kliniki yetu alisimama mbele ya waendeshaji, mikono kiunoni. "Mimi ningewarudisha nyumbani," alisema. "Lakini najua hamrudi. Basi sikilizeni. Kunyweni maji hata kama hamna kiu. Na mtu akihisi baridi kwenye joto hili, ashuke hapo hapo. Baridi hiyo si baridi."

Wengine walirudi nyumbani kweli. Walibaki tisa. Clarrie alikuwa na saa na kibendera, na mke wake Bev alikuwa aendeshe gari la kuwafuata waendeshaji na kumwokota atakayeshindwa. Kura za kupanga nani aanze zilitolewa kwenye kofia. Noreen alipata nafasi ya nane. Coral alikuwa wa mwisho, nyuma yake tu.

Nilisimama nao wakati wakisubiri. Noreen alikuwa amevaa kofia ngumu ya zamani, nyeupe, na shati la mikono mirefu la baba yao.

"Ukiniona mgongo," alimwambia Coral, "pita kulia kwangu. Usije ukaniomba ruhusa."

"Siombi, dada. Nitapiga kengele."

"Baiskeli yako haina kengele."

"Basi nitapiga kelele."

"Utaishiwa pumzi. Nyamaza upite." Akanigeukia mimi. "Shemeji, lile tuta la kijito umelisawazisha?"

"Nimelisawazisha."

"Tutaona." Clarrie akashusha kibendera, naye akaenda, mgongo umeinama, magoti yamebana, kama msichana.

Yaliyotokea barabarani sikuyaona. Nayasimulia kama Coral alivyoyasimulia baadaye, kwa vipande, kwa miaka.

Kwenda kulikuwa rahisi kwa sababu upepo ulikuwa mgongoni. Alipogeuka kwenye tangi ndipo upepo ulipomjia usoni, wa moto, kama mtu amefungua tanuri la mkate. Njiani gari la Bev lilimpita likirudi mjini. Ndani alimwona mwalimu wa shule ameegemea mlango kwenye kiti cha nyuma, anatapika dirishani. Bev alimpungia, akakanyaga mafuta. Baada ya hapo barabara ilibaki tupu, hata nzi walikuwa wametoweka. Coral alitazama saa yake ya mkononi akajua kwamba rekodi ipo. Kwa mara ya kwanza haikuwa ndoto, ilikuwa hesabu tu.

Ndipo alipomwona Noreen.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kwenye kivuli chembamba cha mti wa mulga, kivuli ambacho hakitoshi hata kondoo. Baiskeli ilikuwa imelala kando. Coral aliwaza pancha. Anaapa kwamba jambo la kwanza aliloliwaza ni pancha, na la pili ni kwamba Noreen atakuwa amekasirika sana. Alipokaribia, Noreen aliinua mkono. Aliuinua juu, kiganja wazi, na mdomo wake ukafunguka.

Coral hakupunguza mwendo. Alipita upande wa kulia kama alivyoambiwa, akapaza sauti, "Namtuma Merv!" Hakugeuka nyuma.

Alimaliza. Clarrie alipoisoma saa alivua kofia, akaisoma tena, kisha akaanza kupiga mayowe. Tulimzunguka sote. Mtu mmoja alimmwagia ndoo ya maji, mwingine akamshika amsimamishe palepale apigwe picha na ubao wa rekodi. Coral alikuwa hawezi kusema, anahema kama mbwa, anatabasamu na kulia. Nami nilimkumbatia, nikiwa na fahari kuliko siku ya harusi yetu.

Kisha akanishika shati. "Noreen," alisema. "Ana pancha. Karibu na kijito cha pili. Nenda kamchukue."

Nilichukua barafu kwenye boksi la Clarrie na madumu mawili ya maji, nikaondoka na pikapu. Sikuwa na haraka kubwa. Njiani nilikuwa nikipanga maneno ya kumtania.

Kwenye ule mti nilikuta baiskeli. Matairi yote mawili yalikuwa yamejaa upepo. Chupa ya maji ilikuwa chini, imepasuka karibu na shingo, na ardhi chini yake ilikuwa imeshakauka. Noreen hakuwepo. Niliita, nikapiga honi. Nyayo zake zilikwenda porini, si upande wa mji, zinapinda kama za mlevi. Niliona kwanza kiatu kimoja, kisha ile kofia nyeupe. Yeye nilimkuta amepiga magoti kwenye mchanga, anachimba kwa mikono. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na kavu kabisa, haina tone la jasho.

"Shemeji," nilisema.

"Mwambie baba mbwa wamekunywa," alinijibu, bila kunitazama. "Mimi nitakunywa mwisho."

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Nilimfunika barafu na kummwagia maji, nikaendesha kwa namna ambayo barabara yangu haikuwa imetengenezewa. Kabla ya kufika mjini alikuwa ameanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu. Nesi Thelma alifanya yote mtu anayoweza kufanya kwenye kliniki ya vyumba viwili, akaita ndege ya madaktari. Nilipotoka nje nilimkuta Coral amesimama uani na nguo zake za mbio, anajua tayari. Alikuwa ameiona sura yangu nilipombeba.

"Haikuwa pancha," nilimwambia.

Alikaa chini palepale, kwenye kokoto.

Noreen hakufa. Alikaa hospitali ya pwani hadi baada ya Krismasi, na Coral alikaa naye. Joto lilikuwa limemuunguza ndani. Figo zilirudi nusu, lakini akili na mwili havikuelewana tena kama zamani. Alitembea kwa kushika kigari cha wagonjwa, mkono wa kulia ulitetemeka, na maneno yalimjia polepole, anayasubiri kama mtu anayesubiri basi. Shamba tukalikodisha kwa jirani, na baadaye likauzwa, kwa sababu hakuna aliyejidanganya kwamba atarudi. Tulimpa chumba cha mbele nyumbani kwetu, kile kinachopata upepo.

Siku ya kwanza alipoweza kusema vizuri, mimi nilikuwepo hospitalini. Alimtazama Coral muda mrefu.

"Uliivunja?"

Coral akaanza kulia. "Dada, ningesimama. Ningejua, ningesimama."

"Nimekuuliza kitu."

"Ndiyo. Niliivunja."

"Vizuri." Alipumzika, akayakusanya maneno. "Ule mkono, mdogo wangu. Nilikuwa nakupungia uende. Nilikuwa nakwambia nenda."

Coral aliuinamia mkono uleule unaotetemeka akaushika kwa mikono yake miwili. Sikuona uso wake.

Hadithi hiyo ilifika Wirraba kabla yetu. Ni mji mdogo, na ulikuwa na aibu. Sisi sote tulikuwa tumepiga kura, sote tulikuwa tumeshangilia huku mtu anachimba mchanga. Hadithi hiyo ikawa dawa. Clarrie aliisimulia kwa kila msafiri aliyesimama kunywa bia, akionyesha ubao, ambako jina la Coral sasa lilikuwa juu ya lile la Noreen. "Dada mtu anakufa kwa joto," alikuwa akisema, "na bado anainua mkono, anamwambia mdogo wake, nenda kaivunje rekodi yangu." Wasafiri walitikisa kichwa, wengine wakafuta macho. Sheria zilibadilishwa: magari mawili, maji kila baada ya masafa fulani, na mtu akimwona mwenzake amekaa lazima asimame. Sasa mbio hazifanyiki nje ya Julai.

Coral hakupanda baiskeli tena. Aliitundika kwenye banda, na baada ya muda akampa binti wa mwalimu. Clarrie akianza hadithi yake, Coral alikuwa akiacha glasi na kutoka nje. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Alimtunza Noreen miaka tisa. Alimwogesha, akamkatia nyama, akamchana nywele. Walitaniana kama zamani, au karibu na zamani. Noreen alimwambia anapika supu kama maji ya kunawia, na Coral alimwambia kama hataki kuna nyasi nje. Lakini nilikuwa nikiwaona wakikaa barazani jioni, wamenyamaza, na ule ukimya haukuwa wa watu walioridhika. Kulikuwa na kitu katikati yao, kama kiti cha mgeni ambacho hakuna anayekikalia.

Mwaka wa nane alikuja mtu wa redio kutoka mji mkubwa, anatafuta habari za kugusa moyo. Coral alisema ana kazi dukani akaondoka. Noreen alimsimulia yule mtu polepole, mkono, upepo, nenda, yote. Mtu wa redio alishukuru akaenda zake. Mimi na Noreen tulibaki jikoni tukimenya boga, mimi namenya, yeye anatoa mbegu kwa kijiko.

"Shemeji," alisema, "nimechoka na huu uongo."

Niliacha kisu.

"Chupa ilipasuka nilipoanguka. Nilikuwa nahisi baridi. Nikakumbuka maneno ya Thelma, nikakaa. Nikamwona anakuja, nikasema Mungu ni mwema, huyu hapa Coral." Alisubiri, akiyatafuta maneno yaliyobaki. "Sikumpungia aende. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake."

"Kwa nini ulisema vile hospitalini?"

"Ungeiona sura yake. Ningefanya nini?" Alichota mbegu nyingine. "Usimwambie. Upepo ulikuwa mkali, hakunisikia. Aendelee hivyo."

"Una kinyongo naye?"

"Nilikuwa nacho mwaka wa kwanza. Kilichonikera zaidi si yeye." Kijiko kiligonga bakuli. "Najiuliza, ningekuwa mimi nyuma na yeye mbele, na saa inanipendelea, ningesimama? Nimejiuliza miaka yote hii. Sijui, Merv. Ningependa kusema ndiyo, lakini sijui."

Nilimwahidi sitasema. Alikuwa na haki ya kuitunza siri yake mwenyewe.

Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, asubuhi ya baridi, chai yake ikiwa haijapoa. Tulimzika karibu na wazazi wake. Watu walikuja kutoka mashamba ya mbali, wakala mikate na keki kwenye ukumbi, na Clarrie, ambaye sasa alikuwa mzee na macho yake yalikuwa yanalowa upesi, alisimama akaisimulia hadithi yake kwa mara nyingine. Safari hii Coral hakutoka. Alikaa na kusikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

Tuliporudi nyumbani alivua viatu, akaketi kwenye ngazi za baraza. Niliketi kando yake.

"Aliniita," alisema.

Nilimgeukia.

"Siku ile. Hakunipungia. Alisema, 'Coral.' Nilimsikia vizuri kama ninavyokusikia wewe. Mtu hakuiti jina kwa ajili ya kukwambia uende." Alikuwa anatazama barabara. "Nilimsikia, nikajiambia ni pancha. Nilijiambia hivyo mpaka kwenye baa. Kisha hospitalini akanipa ule uongo, nikaupokea. Ulikuwa mzuri mno. Nikauchukua kama mwizi."

Ahadi niliyompa marehemu sikuona tena inamlinda nani. Nikamweleza Coral yote ya jikoni, boga, chupa iliyopasuka, jina. Alisikiliza bila kusogea.

"Alijua, basi," alisema.

"Alijua kwamba alikuita. Hakujua kwamba ulisikia."

"Alikasirika aliposema?"

"Hapana. Alisema hajui kama yeye angesimama."

Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, nami sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani vilikuwa vyote viwili. "Huyo ndiye yeye," alisema. "Huyo kabisa." Baada ya muda akajipangusa kwa mkono wa gauni. "Miaka tisa, Merv. Nimemkatia nyama miaka tisa. Ningemwambia siku moja tu, angenitukana kwa yale matusi aliyozoea baba, tungelia, tungemaliza. Yeye ananilinda mimi, mimi nailinda zawadi yake. Hakuna aliyekula akashiba."

Nililokuwa nikiliwaza lilikuwa lilelile.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa Clarrie. Walikuwepo wasafiri wawili, mume na mke wanaozunguka nchi na gari lao la kulala, na Clarrie alikuwa ameshafika kwenye kuinua mkono. Coral aliweka glasi mezani.

"Clarrie," alisema, "haikuwa hivyo. Aliniita, nikapita."

Clarrie alibaki na mkono juu. Mtu fulani kwenye kona alisema, "Coral, acha bwana, jamani, dada yako ndiye aliyesema." Coral akasema tena, kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma bei ya unga. Kisha akavuta kiti akanywa bia yake hadi ikaisha. Wasafiri walilipa wakaondoka, hawajui watazame wapi.

Wapo waliomkasirikia. Thelma, ambaye alikuwa amestaafu, alimwambia hadharani kwamba amewanyang'anya kitu watu wasiokuwa na vitu vingi. Wengine walikuja nyumbani mmoja mmoja, wakakaa jikoni, wakaanza kuzungumza habari zao wenyewe, za kaka waliyegombana naye, za mama waliyemwacha peke yake mwaka wa ukame. Coral aliwamiminia chai, akawasikiliza. Clarrie aliacha kuisimulia ile hadithi. Msafiri akiuliza kuhusu majina mawili ya ubaoni, husema, "Muulize mwenyewe, nyumba ya kijani pale mbele," na wakimuuliza Coral huwaambia yote, pamoja na jina.

Mara nyingi huwa nipo anaposimulia. Anasimulia vizuri, bila kujipamba na bila kujipiga kifua. Kila akifika pale kwenye mti wa mulga huwa nakitazama kile chumba cha mbele, dirisha lake liko wazi kwa ajili ya upepo, na huwa nasikitika kwamba mtu aliyestahili maneno hayo kuliko wote ndiye pekee ambaye hakuwahi kuyasikia.